Umepiga Windows upya? Usishushe draiva hovyo

Wauzaji wenzangu, mwaka jana laptopu yangu ilikuwa nzito mpaka basi. Nikashuka nayo kutoka Vugiri hadi Korogwe, fundi akapiga Windows upya. Kufika nyumbani: waifai haionekani, sauti hakuna, printa ya kuchapia majina ya wateja kimya. Na kesho yake nina mizigo sita ya iliki ya kupeleka stendi!

Nikaazima kompyuta ya jirani, nikatafuta "draiva za bure", nikabonyeza kitufe kikubwa cha kijani, nikahamisha kwa flashi. Waifai ilirudi kweli. Siku mbili baadaye matangazo yanajifungua yenyewe, halafu akaunti yangu ya Instagram ikaanza kuwaomba wateja hela. Mmoja alituma elfu thelathini. Nilimrudishia kutoka mfukoni kwangu, nikabadilisha nywila zote kwa simu, Windows ikapigwa tena.

Siku hizi nafanya hivi. Waifai ikikosekana, chomeka simu kwa waya wa USB, washa USB tethering kwenye simu. Mara nyingi Windows inaitambua bila draiva yoyote. (Bando liwe la kutosha, maana Windows ikipata mtandao inashusha na mambo yake.) Ingia Settings, Windows Update, bofya Check for updates, kisha fungua Optional updates. Wengi hatufikagi huko, na draiva nyingine zinakaa humo. Kwangu sauti na waifai vilirudi hapo hapo.

Zilizobaki fuata kwenye tovuti ya mwenye mashine: HP, Dell, Lenovo, au Epson kwa printa. Anwani andika mwenyewe, usibonyeze tangazo la juu kwenye Google. Dell wana Service Tag, herufi na namba saba chini ya laptopu. Ukiiingiza unapata draiva za mashine yako hasa.

Kifaa hakijulikani? Device Manager, bofya chenye alama ya njano, Properties, Details, Hardware Ids. VEN_8086 ni Intel, VEN_10EC ni Realtek.

Na kabla hujampa fundi mashine nzima isiyo na virusi, tengeneza folda "draiva" kwenye flashi, fungua Command Prompt kwa Run as administrator, andika:

pnputil /export-driver * E:\draiva

E ni herufi ya flashi yako, inaweza kuwa nyingine. Windows ikishapigwa, rudi Device Manager, Update driver, Browse my computer, ielekeze kwenye ile folda.