Kutua Sumbawanga si kama kutua Dar: Mtego unaowaponza marubani wanafunzi

Ukiwa Malangali, Sumbawanga, hewa unayovuta ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam. Wewe unaweza usione tofauti, lakini ndege inaiona. Na anayeweza kuumbuka zaidi ni rubani mwanafunzi anayejaribu kutua.

Ajali nyingi za wanafunzi kwenye ndege ndogo hutokea wakati wa kutua. Nyingi huishia kuvunja gurudumu au propela tu, watu wakatoka salama. Ila uwanja ukiwa juu sana, kosa dogo linakuwa kubwa.

Kwa nini?

Sumbawanga ipo kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Hata Uwanja wa Wilson, Nairobi, penye shule nyingi za urubani, uko chini kidogo ya hapo, takriban mita 1,690.

Mabawa hubebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi, ndege lazima ikimbie zaidi ili ibebeke. Jua likiwaka, hewa inazidi kuwa nyepesi.

Sasa mtego uko hapa. Kipimo cha kasi ndani ya ndege hupima msukumo wa hewa. Kikisoma kilomita 115 kwa saa ukiwa Sumbawanga, kasi halisi inakaribia 127.

Mwanafunzi aliyezoea Dar anaangalia chini, anaona ardhi inakimbia mno. Anaamini macho yake, anapunguza nguvu ya injini na kuinua pua. Mabawa yanashindwa kubeba, ndege inadondoka kabla ya kufika uwanjani.

Mwingine anaogopa hilo, anakuja na kasi kubwa. Ndege inagusa chini na kudunda kama mpira. Akisukuma usukani mbele kwa pupa, gurudumu la mbele linatangulia kugonga na kuvunjika. Asipovunja gurudumu, anaweza kumaliza uwanja kabla hajasimama.

Afanye nini?

Kwanza, aamini kipimo, siyo macho.

Pili, mambo yakienda mrama asilazimishe. Aongeze nguvu, apae tena, azunguke na kuanza upya. Hiyo siyo aibu, hata marubani wa ndege kubwa hufanya hivyo.

Ila auwahi uamuzi huo. Injini isiyo na turbo nayo inavuta hewa hiyohiyo nyepesi, na kwa mwinuko wa Sumbawanga hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Kupaa tena kunachukua muda na nafasi kubwa kuliko alivyozoea pwani.

Uwanja wa Sumbawanga uliwekwa kwenye mradi wa kuboreshwa kwa lami. Lami husaidia breki kushika vizuri, lakini haiongezi hewa. Hesabu ya mwinuko itabaki palepale.