Mzee Hakukatazwa Kahawa, Alikatazwa Dele

Baada ya sala ya isha, vichochoro vya Kibokoni huwa na mlio wake. Muuza kahawa hugonganisha vikombe, na kabla hajafika, wazee wamekwisha sogeleana barazani. Hapo ni kahawa chungu ya tangawizi, kipande cha kashata, na habari za mji tangu bandarini hadi Ikulu.

Ami yangu hakuikosa baraza hiyo kwa miaka mingi. Mwaka huu alipimwa damu, kolesteroli ikaonekana imepanda, na daktari akamwambia aache kahawa ya kuchemsha. Alirudi nyumbani amenuna.

"Sasa nikakae barazani nikitazama vinywa vya wenzangu?" aliuliza.

Mjukuu wake, msichana anayesoma chuo, ndiye aliyelishika lile neno. "Babu, umekatazwa ya kuchemsha. Ya kuchuja hukukatazwa." Wakarudi kumwuliza daktari, naye akakubali.

Sababu ni hii. Buni ina mafuta, na ndani yake mna kitu kiitwacho kafestoli, ambacho hupandisha kolesteroli. Katika dele unga huchemka pamoja na maji, na mafuta hayo humiminwa kikombeni. Karatasi ya kuchujia huyazuia karibu yote. (Usidhani, msomaji, kwamba karatasi ni dawa. Vidonge vya ami viko palepale, na sahani ya biriani imepunguzwa.)

Karatasi hiyo ilibuniwa jikoni. Mwaka 1908 mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, alichoshwa na machicha kikombeni. Akatoboa chombo, akatandika karatasi ya kukaushia wino aliyoitoa kwenye daftari la mwanawe, akamimina maji.

Mjukuu alinunua koni ya plastiki na pakiti ya karatasi. Buni alizikaanga nyanya yake, maana mkono wake haujapata mpinzani. Kosa likaja kwenye kinu: walitwanga laini mno, maji yakakwama, na kahawa ikatoka kali ya kuparua ulimi. Mara ya pili waliiacha chengachenga kama sukari, ikashuka vizuri.

Kipimo ni gramu 15, yaani vijiko viwili vya mezani vilivyojaa, kwa robo lita ya maji. Lowesha kwanza karatasi kwa maji ya moto, uyamwage, kisha utie unga. Maji yakichemka yaepue, uyaache nusu dakika. Mimina kidogo tu ya kulowesha unga, ungoje nusu dakika nyingine. Utauona ukifura na kutoa povu, nayo ni hewa iliyobaki ndani tangu kukaangwa. Halafu mimina polepole kwa kuzungusha. Yote yasipite sana dakika tatu. Mwenye kupenda tangawizi au iliki aiponde, aichanganye na unga humo humo. Ila maji ya kisima yenye chumvi, ambayo Mji wa Kale twayajua sana, yataharibu kazi yote. Tumia maji matamu.

Na unga wa kopo uache. Mibuni ilipandwa na wamisionari huko Bura, Taita, mwaka 1893, si mbali na Mombasa, na magunia ya kahawa nzuri hupita Kilindini kwenda ng'ambo. Ni aibu kidogo kwamba nyumba nyingi zetu huijua kahawa ya kopo peke yake.

Ami alionja, akanyamaza. "Nyepesi," akasema. "Kama chai iliyokosewa." Kikombe cha pili akaomba tangawizi zaidi, na cha tatu hakusema kitu.

Siku hizi hutoka baada ya isha na chupa ya chai kwapani, akajimiminia mwenyewe barazani. Muuza kahawa alinuna wiki nzima. Sasa humuuzia kashata tu, na kila usiku humwambia kwamba bei imepanda.