Jinsi Taa ya Picha Ilivyopunguzwa Ukubwa

Habari ya leo ni ya mashine ionyeshayo picha ukutani. Siku hizi watu huiita projekta. Mimi nitaiita taa ya picha, maana kwa asili yake ni taa tu.

Katika miaka ya 1935 hadi 1937, Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham walikuwa na makao yao Vugiri, katika milima ya Usambara, wakijaribu kuwafundisha watu kwa njia ya sinema. Filamu zao zilikuwa za upana wa milimita 16, na sauti ilitoka katika sahani za gramafoni. Ili vyombo vyao vifike vijijini, lilihitajiwa lori. Leo mwalimu wa Katesh aweza kutia taa ya picha mkobani pamoja na madaftari, akapanda pikipiki, akafika shule iliyo mbali na waya za umeme, akawaonyesha watoto picha ya moyo usukumao damu. Limewezekanaje jambo hilo? Wengine hudhani ya kuwa mafundi walivichukua vyombo vile vya zamani wakavitengeneza upya kwa kipimo kidogo. Sivyo. Sehemu kubwa ya kazi ilikuwa kukiuliza kila kipande cha kioo: je, kazi yako haiwezi kufanywa na jirani yako?

Natufungue taa ya zamani, tutazame ndani. Katikati imo taa yenyewe. Nuru yake haina adabu. Huenda mbele, nyuma na pande zote. Kwa hiyo nyuma yake kimewekwa kioo kilichobonyea, kirudishacho mbele nuru iliyotaka kupotea. Mbele ya taa zipo lenzi mbili zilizovimba katikati, zinene. Wanafunzi wengi wakiulizwa kazi ya lenzi hizo hujibu kwamba ni kuikuza picha. La, hasha. Kazi yao ni kuikusanya nuru, kuipitisha katika picha yote sawasawa, na kuielekeza kwenye lenzi ya mwisho. Zikiondolewa, picha itang'aa katikati na pembe zake zitakuwa na giza. Baadaye kuna kipande cha kioo kinachozuia joto, kisije kikaunguza picha; kisha picha yenyewe, nayo hutiwa miguu juu kichwa chini; na mwisho lenzi ya mbele, ambayo ndiyo iitupayo picha ukutani ikiwa kubwa.

Sasa tazameni hasara. Kila uso wa kioo cha kawaida hurudisha nyuma kadiri ya sehemu 4 katika kila 100 za nuru iufikiayo. Lenzi mbili zina nyuso nne, na kioo cha kuzuia joto kina nyuso mbili, jumla sita. Wanaopenda hesabu wapige wenyewe: katika sehemu 100 za nuru, zitakazoifikia picha ni kama 78 tu. Tena kila kipande chataka kishikizo chake, nafasi yake, na kitambaa cha kukifutia vumbi. Nasi watu wa Mbulu na Hanang twalijua vumbi la kiangazi.

Hatua moja kubwa ilifanyika katika miaka ya 1960, zilipotokea taa ndogo zilizofungiwa ndani ya kioo chao. Umbo la kioo hicho ni kama nusu ya yai. Yai la namna hiyo lina sifa ya ajabu: ndani yake mna mahali pawili, na nuru iliyowashwa mahali pa kwanza, ikigonga ukuta wa yai po pote, hukutana yote mahali pa pili. Basi taa ikiwekwa pa kwanza, kioo peke yake huikamata nuru na kuikusanya, na zile lenzi nene mbili hazihitajiwi tena. Juu ya hayo, kioo hicho hupakwa tabaka nyembamba sana zinazorudisha nuru lakini huliacha joto lipenye na kutokea nyuma. Kwa hiyo hata kazi ya kuzuia joto, karibu yote, imeingia humo. Kioo chenye upana wa sentimita 5 hivi kimerithi kazi za watatu.

Njia nyingine ilitoka mbali, kwa Mfaransa Augustin Fresnel, aliyekuwa akitengeneza taa za kuongoza meli. Mwaka 1823 lenzi yake iliwekwa katika mnara wa Cordouan, pwani ya Ufaransa. Fresnel alitambua kwamba lenzi haipindi nuru kwa unene wake, bali kwa mteremko wa uso wake. Ufikirini Mlima Hanang, uliopanda zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari. Tuseme twaweza kuukata kwa pete, pete moja ndani ya nyingine, kisha kila pete tukaishusha hadi uwandani, nayo ikabaki na mteremko wake ule ule. Mlima umetoweka, lakini miteremko yote ipo. (Si kama ngazi za shamba la mlimani, ambazo mkulima huzisawazisha ili maji yasikimbie, hapa kila pete hubaki imeinama.) Lenzi ya Fresnel ndiyo mlima huo ulioshushwa.

Walimu wameiona. Katika ile taa ya darasani ambayo mwalimu huandika juu ya karatasi ya plastiki, nayo maandishi hutokea ukutani nyuma yake, meza ya kuandikia ina ubao wa plastiki chini yake, wenye mistari ya mviringo kama sahani ya gramafoni. Ubao huo hukusanya nuru ya taa iliyo sandukuni chini. Mafundi hawakutosheka. Waliupaka ubao huo rangi ya kioo chini yake, wakaipandisha taa juu kando ya lenzi. Nuru hushuka, hupita katika maandishi, hugonga ubao, hurudishwa na kukusanywa, kisha hupita tena katika maandishi kwenda kwenye lenzi. Ubao mmoja umekuwa meza, lenzi na kioo, na sanduku lote la chini limetupwa. Kilichobaki hukunjwa na kuchukuliwa mkononi. Lakini kwa kuwa nuru hupita mara mbili, karatasi isipolala vizuri kila mstari hutoa kivuli cha pili, na darasa huanza kufikicha macho.

Taa za leo zimeendelea zaidi. Mwaka 1987 Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments, huko Marekani, alibuni kipande kidogo kuliko kucha chenye vioo vingi mno, kila kimoja chembamba kuliko unywele, navyo huinama huku na huku kwa amri ya umeme. Kioo kilichoelekea lenzini hufanya nukta nyeupe ukutani, na kilichogeuka hufanya nukta nyeusi. Kwa hiyo picha yenyewe ndiyo kioo kirudishacho nuru. Ili kupata rangi, zamani sahani ya vioo vya rangi ilizungushwa kwa mota mbele ya taa nyeupe. Katika taa nyingi ndogo za sasa ziko LED tatu, nyekundu, kijani na buluu, ziwakazo kwa zamu upesi hata jicho huona rangi zimechanganyika. Basi sahani na mota yake vimeondoka.

Faida yake yahesabika kwa betri. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, na ya kawaida ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu, yaani 600. Taa ya zamani ya wati 400 itaimaliza nusu hiyo kwa saa moja na nusu. Taa ya LED ya wati 40 itakwenda saa 15.

Hata hivyo si faida tupu. Ulipovunjika mshikizo wa lenzi ya zamani, fundi wa Babati aliweza kuufunga kwa waya; kipande chenye kazi tatu kikiharibika, kazi tatu zimelala, na dawa yake mara nyingi ni kununua kipya. Na taa ndogo ina nuru kidogo. Ukiurefusha upana wa picha mara mbili, nuru ile ile itaenea mahali pakubwa mara nne, na kila mahali patapata robo tu. Kwa hiyo mwalimu asiirudishe taa nyuma ili kuwafurahisha watoto kwa ukubwa wa picha. Na aisogeze karibu, picha iwe na upana wa mita moja na kidogo, watoto wa nyuma waje mbele, madirisha yazibwe kwa mablanketi, au jua lingojewe litue.