Unaenda kuchukua biashara Dubai ao China? Tayarisha na afya yako

Wafanyabiashara wengi wa Butembo, Goma, Bukavu na Uvira wanaenda kuchukua vitu Dubai ao Guangzhou. Mbele ya safari, akili yote iko ku viza, tikiti na feza. Afya wanaikumbuka kisha, wakati mwili umekwisha kuanza kuuma. Lakini kuna mambo yenye kuomba kutayarishwa mapema, na moja kati yao linaweza kuokoa maisha.

Kadi ya manjano

Congo ni kati ya inchi zenye kuwa na hatari ya homa ya manjano, njo maana inchi nyingi zinaomba kadi ya chanjo kwa mutu mwenye kutoka kwetu. Kadi inaanza kutumika siku 10 kisha sindano. Kwa hiyo, usingoje siku ya mwisho. Tangu mwaka 2016, sindano moja inatosha kwa maisha yote: kama ulishachanjwa, chunga kadi yako vizuri. Kununua kadi bila kuchanjwa ni kujidanganya, kwani karatasi haikingi ugonjwa.

Dawa ndani ya valizi

Hapa kwetu, tramadoli inauzwa ovyo mu famasi. Kule Emirati ni dawa yenye kulindwa na sheria, sawa na zile zenye kuwa na kodeini. Mutu mwenye kuingia nayo bila ruhusa anaweza kujikuta gerezani, hata kama alikuwa anatuliza tu maumivu ya mugongo. Kama muganga alikuandikia dawa ya namna hiyo, omba ruhusa mbele ya kuondoka.

Wenye sukari ao tansio wabebe dawa za kutosha, ndani ya paketi yake na karatasi ya muganga, mu sakosi ya mukono. Valizi kubwa inaweza kupotea njiani. Na tena: usikubali komisio ya vinini vya mutu mwingine. Vikikamatwa, ni wewe utajibu.

Mu ndege

Kukaa zaidi ya saa 4 bila kusimama kunaweza kugandisha damu mu miguu. Simama, tembea kidogo, chezesha vidole, kunywa maji. Mama mwenye mimba ao mutu aliyepasuliwa karibuni aone muganga kwanza.

Homa ikikushika ugenini

Hapa njo penye hatari kubwa. Emirati ilitambuliwa kuwa haina malaria tangu 2007, China tangu 2021. Waganga wa kule hawaione kila siku kama wa kwetu. Ukifika na homa na maumivu ya kichwa, wanaweza kufikiri ni mafua.

Lakini mbu aliyekuuma nyumbani alishakuachia wadudu mbele upande ndege. Mara nyingi homa inatokea siku 10 mpaka 15 kisha kuumwa na mbu, ni kusema wakati uko katikati ya magazini unahesabu mizigo. Malaria ya kwetu, isipotunzwa, inaweza kuwa kali kwa muda wa saa 24 tu na kuua.

Kwa hiyo, usijifungie mu chumba cha hoteli na parasetamoli. Enda lopitali siku ileile, na neno lako la kwanza liwe hili: « Ninatoka Congo, naomba munipime malaria. » Kama hujue luga ya kule, mutu akuandikie maneno hayo mu telefone mbele ya kuondoka.

Fanya vilevile ukirudi. Ukipata homa kisha safari, ambia muganga inchi zote ulipitia. Anaweza kukupima kitu chenye hangefikiria.