Mahali pa Kusimika Chombo cha Kupimia Joto la Anga

Wanachama wanaoanika kahawa mezani huko Ngaramtoni wanajua kwamba usiku usio na mawingu ndio wenye umande mwingi, na kwamba kahawa iliyoachwa wazi usiku huo hulowa upya na kuweza kushuka daraja. Inafaa sababu yake ielezwe, kwa kuwa ndiyo ipimwayo na chombo kinachofungwa katika baadhi ya vituo vya hali ya hewa vinavyojiendesha.

Kila kitu, hata udongo na meza ya kuanikia, hutoa mnururisho wa joto usioonekana, uitwao mnururisho wa mawimbi marefu. Ardhi yenye nyuzijoto 15 za Sentigredi hutoa wati zipatazo 390 kwa kila mita ya mraba. Mawingu mazito ya chini hurudisha karibu joto lote hilo. Anga likiwa wazi, huenda zikarudi wati 300 tu. Upungufu huo ukiendelea usiku kucha, meza hupoa kuliko hewa iliyoizunguka, na mvuke hugeuka maji juu yake. Turubai linalotandazwa jioni haliiletei kahawa joto jipya. Huizuia isitazamane na anga.

Chombo chenyewe huitwa pirijiomita. Kina kioo cheusi cha silikoni, mara nyingi chenye umbo la kuba, kinachozuia mwanga wa jua na kupitisha mnururisho wa joto. Ndani yake kihisi hulinganisha joto la anga na la chombo chenyewe. Usiku wa anga wazi kihisi hutoa namba hasi. Karani asiyearifiwa huidhania kuwa hitilafu, kumbe ndiyo kazi yake. Joto la chombo hupimwa wakati uleule na kuingizwa katika hesabu.

Taabu iko katika kuchagua mahali. Ni kawaida kwa katibu kutaka chombo kikae kando ya ofisi, machoni pa mlinzi. Hofu ya wizi ni ya haki, lakini ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa hutoa joto lake usiku, na chombo hakitofautishi ukuta na anga. Nyumba inayokizidi chombo kwa mita 4 iwe umbali wa mita 40, yaani mara 10. Migrevilea nayo ihesabiwe, tena kwa kimo itakachofikia, si cha leo. Uzio uwe mfupi kuliko chombo. Nguzo iwe imara, chombo kisawazishwe kwa pimamaji, na waya upite ndani ya bomba lililofukiwa, panya na majembe wasiufikie.

Kioo nacho hupata umande, na maji hayapitishi mnururisho huu. Hapo chombo hupima tone la maji badala ya anga. Ndiyo sababu vyombo vingine hufungiwa feni ndogo. Pasipo feni, mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kupangusa kwa kitambaa laini, na saa ya kupangusa iandikwe daftarini.

Mfano wa jirani upo Kilimanjaro. Mwaka 2005 wataalamu, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Innsbruck cha Austria, walisimika kituo juu ya barafu ya Kersten, mita 5,873 kutoka usawa wa bahari, wakapima mnururisho utokao juu na utokao chini. Vipimo hivyo, pamoja na vingine, vilisaidia kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya barafu hiyo hupotea kwa kugeuka mvuke bila kuyeyuka kwanza. Kule hapana ukuta wala mgrevilea.

Chama kinachoahidiwa kituo cha namna hii kitenge kiwanja kwanza, na muhtasari wa kamati utaje mipaka yake pamoja na marufuku ya kupanda miti au kujenga ghala ndani ya umbali uliokubaliwa.