Ng'ambo Iliyo Karibu: Safari Nafuu Kutoka Tengeru

Tangu uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulipofunguliwa mwaka 1971, sisi wakazi wa Tengeru tumezoea kuwaona wageni wakipita katika barabara yetu kuelekea Arusha, nyuso zao zikiukazia macho Mlima Meru, hata wengi wetu tumeingiwa na dhana kwamba kuzuru nchi ya watu ni anasa ya matajiri. Dhana hiyo yatunyima faida kubwa, kwani barabara ile ile, mtu akiifuata upande wa mawio ya jua, akapita Moshi na Himo, humfikisha Holili penye mpaka wa Kenya, kisha Taveta na Voi, hata Mombasa ufukoni mwa bahari.

Haikuwa hivyo siku zote. Wazee wakumbuka jinsi Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki ilivyovunjika mwaka 1977, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa hadi 1983. Leo, kwa auni ya mkataba wa Jumuiya mpya uliotiwa saini mjini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, Mtanzania huingia Kenya bila viza na aweza kuruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Hapo mpakani, maofisa wa mataifa mawili huketi chini ya paa moja: mmoja hugonga muhuri wa kutoka, na hatua chache mbele mwenzake hugonga wa kuingia.

Msingi wa safari nafuu ni hesabu ifanywayo mapema. Pasipoti hugharimu shilingi 150,000 nayo hudumu miaka kumi, yaani shilingi 15,000 kwa mwaka. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho msafiri aweza kudaiwa mpakani, tangu mwaka 2016 hutambuliwa kwa maisha yote. Mtazame mama muuza ndizi sokoni Tengeru siku ya Jumamosi, jioni inapoingia, anavyofungua pindo la khanga, akazinyosha noti moja moja juu ya goti, akatenga mtaji, akatenga ya nyumbani, na iliyobaki akaikunja peke yake. Mtu atengaye shilingi 10,000 namna hiyo kila Jumamosi, mwaka ukiisha ana shilingi 520,000. Akitoa ada ya pasipoti, amebakiwa na 370,000. Fedha hizo ndizo masurufu yake, na yampasa azigawe mafungu manne kabla ya kuondoka: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, chakula, na akiba ya dharura isiyoguswa ila kwa maradhi au msiba.

La pili ni kuchagua majira. Disemba si mwezi wa mtu mwenye kipato kidogo, kwa kuwa Wachaga hurejea nyumbani na mabasi ya njia hii hufurika, na huko pwani nyumba za wageni hupandisha bei. Kuanzia baada ya Pasaka hadi Juni watalii hupungua na bei hushuka; na mwenye shamba, ambaye masika humfunga kwenye jembe, na achague Juni. Fauka ya hayo, fedha zibadilishwe benki au katika duka lenye leseni, wala si kwa wale wakimbiliao madirisha ya basi na vitita mkononi.

Huko Mombasa, mji wa mshairi Muyaka bin Haji, Mtanzania hahitaji mkalimani, na starehe zilizo bora aghalabu hazina gharama. Kuzunguka vichochoro vya Mji wa Kale hakulipiwi. Kivuko cha Likoni humvusha bure aendaye kwa miguu. Na bahari haimdai mtu kiingilio. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ina kiingilio, lakini wakazi wa Afrika Mashariki hulipa pungufu kuliko wageni wa mbali. Na kuhusu chakula, mahamri na mbaazi za asubuhi katika mkahawa wa mtaani hushibisha kuliko meza ya hoteli ya ufukweni, tena kwa sehemu ndogo ya bei yake.

Ndugu msomaji, mtoto aliyekulia chini ya Meru akaiona bahari na kusikia Kiswahili chake kikisemwa kwa lafudhi nyingine hurejea na akili pana, na hilo ni tunu ambayo mzazi wa kipato cha kawaida aweza kumpa. Usingoje utajiri. Ulizia pasipoti mwezi huu, na Jumamosi ijayo, soko likifungwa, tenga noti ya kwanza.