Kustaafisha Mfumo Mkongwe: Funzo la Ufuko wa Mweru

Wilaya ya Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula kaskazini mwa Zambia, iko kwenye ufuko wa Ziwa Mweru unaotazamana na Kongo, na wakazi wake, ambao aghalabu riziki yao hutoka ziwani, wengi wao hawana desturi ya kukaa mahali pamoja mwaka mzima. Kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari serikali hufunga uvuvi ili samaki wapate kuzaana, na wavuvi wengi huziacha kambi zao wakarudi mashambani; ziwa lifunguliwapo hutawanyika tena, wengine wakielekea visiwa vya Kilwa na Chisenga, wengine ng'ambo. Mtu wa namna hiyo akiwa na maradhi yahitajiyo dawa kila siku, tabibu amkutaye hana budi kujua kwanza alitibiwa wapi kabla ya hapo, na kwa dawa gani.

Jawabu la Zambia, tangu miaka ya 2000, lilikuwa programu ya kompyuta iitwayo SmartCare, iliyobuniwa na Wizara ya Afya kwa msaada wa taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, CDC, na ambayo ilienea zaidi katika kliniki za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Kompyuta ya kituo ilihifadhi sajili yake yenyewe pasipo kuhitaji intaneti. Mgonjwa alipewa kadi yenye chipu iliyobeba muhtasari wa matibabu yake, ili kituo kingine kiusome. Na taarifa za kituo zilinakiliwa katika flashi, zikapelekwa wilayani, kisha mkoani, hata zikafika Lusaka na kuunganishwa na za nchi nzima.

Kwa zama zake ulikuwa mfumo wa fahari, lakini kila mfumo una umri wake. Taarifa isafiriyo kwa flashi hufika imechelewa, na wapangao akiba ya dawa huweza kuhesabu wagonjwa wa jana kana kwamba ni wa leo. Kadi hupotea, mtu mmoja, akiandikishwa upya kila ahamapo, huwa watu wawili katika sajili, na kila rekebisho la programu humlazimu fundi kuzizuru kompyuta moja baada ya nyingine. Fauka ya hayo, muuguzi aliandika kwenye karatasi na karani akaingiza baadaye, hivyo kosa la kusoma mwandiko likaweza kuwa kosa la tiba. Ndipo akaletwa mrithi, mfumo wa SmartCare Pro, uliojengwa kwa teknolojia ya wavuti, ambao makusudio yake ni tabibu aandike mwenyewe, mgonjwa angali mbele yake.

Usiache mbachao kwa msala upitao, walisema wahenga. Na hekima yao haikatazi kununua msala mpya, bali yatutaka tujue kwanza ule mbacha ulikuwa ukitufaa kwa lipi. SmartCare ya zamani, pamoja na kasoro zake zote, ilimwachia mvuvi habari zake mkononi, naye akaenda nazo popote samaki walipompeleka. Wala kukatika kwa mtandao hakukusimamisha kazi. Haya si mambo madogo katika nchi ambayo, ukame ulipopunguza mno maji ya bwawa la umeme la Kariba mwaka 2024, ilikaa gizani saa nyingi kwa siku. Mrithi asiyeyatimiza hayo, hata akiwa na sura nzuri namna gani, atakuwa amempunguzia mgonjwa haki aliyokuwa nayo.

Wala hatari hii ya kuhama mfumo si ya maskini peke yao. Mnamo Aprili 2018, benki ya TSB ya Uingereza iliwahamisha wateja wake wapatao milioni 5.2 kwa mkupuo mmoja, kutoka mfumo wa zamani hadi mpya, ilhali baadhi ya majaribio muhimu yalikuwa yamefanywa kwenye kituo kimoja tu cha data badala ya viwili. Watu hadi milioni 1.9 wakafungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa mabenki wakaitoza faini ya pauni milioni 48.65. Fedha ilikuwapo, wataalamu walikuwapo. Kilichokosekana ni subira.

Basi mwenye kampuni, duka kubwa au hospitali, atakaye kubadili mfumo wake, na aanze kwa kuorodhesha yote yafanywayo na ule wa zamani, hasa yale yasiyoandikwa popote ila yanajulikana na karani. Kisha aisafishe sajili kabla ya kuihamisha, kwani makosa yakihamishwa hayapungui. Ahame tawi kwa tawi, akiiendesha mifumo miwili sambamba hadi hesabu zilingane. Na aibakize njia ya kurudi nyuma.

Zaidi ya yote, kabla ya kuuzima mfumo mkongwe, wakubwa na waketi siku nzima kando ya muuguzi au karani autumiaye, wamsikilize kwa adabu. Mtaalamu wa kompyuta anajua mfumo mpya utaweza nini. Yule karani ndiye ajuaye watu wataumia wapi, na maoni yake yastahili kutangulia mkataba, wala yasisubiri hasara itokee.